Kombe la waliowahi kuwa mabingwa

SEHEMU YA 1

Hivi, ukiambiwa kuna mashindano ya mpira ambayo timu haiingii kwa sababu msimu huu imecheza vizuri, inaingia kwa sababu zamani iliwahi kuwa bingwa, utasemaje? Hata kama sasa hivi iko hoi, hata kama jana ilishuka daraja, kadi ya mwaliko inaletwa mlangoni. Wengine mtasema huo ni upendeleo. Wengine mtasema ni heshima. Mimi nesi wenu nina mwezi mzima nalifikiria jambo hili kwenye zamu za usiku, na leo nataka tulifikirie wote.

Mashindano hayo yalikuwepo kweli. Yalikuwa Amerika Kusini, yakaanza mwaka 1988 na yakaisha mwaka 1997. Miaka 10, makombe 10, basi. Waliyaita Supercopa, na jina lake refu lilibeba jina la João Havelange, yule Mbrazili aliyekuwa rais wa FIFA kuanzia 1974 mpaka 1998. Sharti la kuingia lilikuwa moja tu: uwe umewahi kubeba Copa Libertadores, kombe kubwa la klabu za kule, lililoanza mwaka 1960. Ni kama Ligi ya Mabingwa yao. Ukishalibeba mara moja, mlango wa Supercopa uko wazi kwako kila mwaka.

Mwaka ule wa kwanza waliokidhi sharti walikuwa 13. Nawataja ili muone uzito wake. Argentina klabu 6: Boca Juniors, River Plate, Independiente, Racing, Estudiantes na Argentinos Juniors. Brazil 4: Santos, Cruzeiro, Flamengo na Grêmio. Uruguay 2: Peñarol na Nacional. Paraguay 1: Olimpia. Yaani hakuna mechi ya kujipimia hapo. Kila ukipangiwa mtu, unapangiwa mtu mwenye kombe kabatini.

Mnaonifuata siku zote mnajua mimi kwa mpira siwezi kupita kimya. Lakini leo siandiki mpira peke yake. Nafanya kazi wodi ya wanaume na wanawake wazima, na wengi wao ni wazee. Kiharusi, presha, sukari, nyonga iliyovunjika bafuni. Wodi yangu, ukiitazama vizuri, imejaa mabingwa wa zamani. Fundi aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wenu yumo. Mama aliyesomesha watoto saba kwa biashara ya vitumbua yumo. Dereva aliyekuwa anajua kila kona ya barabara ya milimani yumo. Leo wote wamevaa shuka la hospitali linalofanana, na mimi napita na mashine ya presha nikiita namba za vitanda.

Kwa hiyo niliposoma habari za Supercopa, nilishtuka. Kumbe kuna watu waliwahi kukaa mezani na kuamua kwamba aliyewahi kuwa mtu, aendelee kuitwa.

Twende pamoja. Na mapema kabisa niseme: wagonjwa nitakaowataja sitawapa majina, na mengine nimeyabadilisha kidogo wasijulikane. Siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa.

SEHEMU YA 2

Tuanze na bingwa wa kwanza, Racing Club ya Avellaneda, pembeni kidogo ya jiji la Buenos Aires.

Mwaka 1967 Racing ilikuwa juu ya dunia. Ilibeba Libertadores, kisha ikakutana na Celtic ya Scotland kugombea Kombe la Mabara. Wakafungwa 1-0 kule Glasgow, wakashinda 2-1 nyumbani, ikabidi ichezwe mechi ya tatu Montevideo, Uruguay. Juan Carlos Cárdenas akapiga shuti la mbali, 1-0, kwisha kazi. Ilikuwa mara ya kwanza klabu ya Argentina kubeba kombe lile.

Halafu? Halafu ugonjwa. Miaka ikapita bila taji. Mwaka 1983 Racing ikashuka daraja. Jamani, klabu iliyowahi kuwa bingwa wa dunia inacheza daraja la pili! Na majirani zao Independiente, ambao uwanja wao uko hatua chache tu kutoka wa kwao, wakiendelea kukusanya makombe na kuwacheka. Racing walirudi ligi kuu miaka miwili baadaye, lakini mtu aliyetoka kitandani hajapona siku hiyohiyo. Anatoka ameshika ukuta.

Sasa fikiria mwaka 1988 unakuja mwaliko: njoo, wewe ulikuwa bingwa mwaka 1967. Miaka 21 imepita. Kocha alikuwa Alfio Basile, ambaye mwenyewe alikuwa beki wa kikosi kile cha 1967. Golini alisimama Ubaldo Fillol, aliyedakia Argentina iliyobeba Kombe la Dunia mwaka 1978, naye umri ulikuwa umeshamtupa mkono. Wakacheza, wakavuka, wakafika fainali na Cruzeiro ya Brazil. Nyumbani wakashinda 2-1. Marudiano Belo Horizonte, uwanja wa Mineirão, Omar Catalán akafunga, ikaisha 1-1. Racing bingwa.

Sikia ninachotaka ukione. Historia haikuwapa kombe, iliwapa mechi tu. Kombe walilitafuta wenyewe kwa miguu yao ya mwaka 1988.

Kulikuwa na mzee wodini, kitanda cha dirishani. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, mkono na mguu. Maneno yalikuwa yanatoka kwa shida lakini akili timamu. Alikataa kula kwa mkono wa kushoto. Alikataa mwanawe kumlisha. Uji unapoa, yeye anatazama dirishani. Kwenye faili tulishaandika "hana ushirikiano". Mnalijua neno hilo nyie wenye ndugu waliowahi kulazwa. Ni neno jepesi sana kuliandika.

Siku moja nikaamkia, "Shikamoo babu." Nikavuta stuli. Nikamuuliza, "Babu, kabla ya hii hali, ulikuwa nani?" Akanitazama muda mrefu. Kisha akasema neno moja tu, kwa shida: "Kipa."

Alikuwa kipa wa timu ya mkoa, enzi zile viwanja ni vumbi tupu na mpira ni wa ngozi, ukilowa unakuwa mzito kama jiwe. Mwanawe alikuwa hajui! Yaani mtoto wa miaka 40 anasikia leo kwamba baba yake alikuwa anadaka.

Kesho yake kijana wetu wa mazoezi ya viungo akachukua soksi, akazikunja zikawa mpira, akamrushia taratibu. Mkono wa kushoto ukanyanyuka wenyewe. Hakufikiri, alidaka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kuanzia siku ile uji akawa anaushika kwa mkono huohuo wa kushoto, maana kwa kipa mikono yote ni halali.

SEHEMU YA 3

Kabla hamjaanza kuniandikia "nesi umetuliza", ngoja niwaletee upande wa pili. Kuwahi kuwa bingwa kunafungua mlango, lakini hakufungi bao.

Chukua Peñarol ya Uruguay. Hawa ndio mabingwa wa kwanza kabisa wa Libertadores, mwaka 1960, wakarudia 1961, 1966, 1982 na 1987. Mara tano. Kwenye Supercopa walialikwa mwaka hadi mwaka. Unajua walicheza fainali ngapi? Sifuri. Santos ya Pelé, mabingwa wa 1962 na 1963? Sifuri. Estudiantes, waliobeba Libertadores mara tatu mfululizo, 1968, 1969 na 1970? Hao nao sifuri. Nacional ya Uruguay walifika fainali moja, mwaka 1990, wakakutana na Olimpia ya Paraguay, wakafungwa 3-0 kwanza, kisha 3-3. Jumla 6-3. Olimpia ndiyo klabu pekee nje ya Argentina na Brazil iliyowahi kulibeba kombe lile. Na mwaka huohuo walikuwa wamebeba na Libertadores yenyewe, kwa hiyo wao hawakuwa bingwa wa zamani, walikuwa bingwa wa jana.

Wodini nako tunao wa hivyo. Analetwa mzee aliyekuwa na cheo kikubwa, na ndugu zake wanaingia mlangoni na cheo kabla ya mgonjwa. "Unajua huyu ni nani?" Ndiyo, najua, ni mtu mwenye presha ya 210 kwa 120 na ameacha dawa miezi mitatu. Mshipa wa kichwani haujui alikuwa na gari la serikali. Namheshimu, namwamkia, nampa kila anachostahili mgonjwa. Lakini dawa atakunywa kama wenzake, chumvi atapunguza kama wenzake, na kesho atashuka kitandani kufanya mazoezi kama yule fundi wa kitanda cha jirani.

Na hili nawaambia nyie mnaouguza wazazi nyumbani. Msimdanganye mzee kwa zamani yake. "Baba wewe ulikuwa simba, hili dogo tu." Hapana. Mwambie baba, ulikuwa simba, na leo tunatembea kutoka hapa mpaka mlangoni. Hatua nane. Hayo mawili yasemwe pamoja. Ukisema la kwanza peke yake, akishindwa hatua ya tatu anaona aibu na kesho hataki tena. Ukisema la pili peke yake, umemfanya mtoto mdogo.

SEHEMU YA 4

Niliwaahidi na utamu wa mpira wenyewe, maana kuna watu hapa wamekuja kwa ajili ya mpira tu, nawajua.

Supercopa ilichezwa kwa mtindo wa mtoano, nyumbani na ugenini. Mwaka wa mwisho walianza na makundi. Na uzuri wa mechi mbili ni kwamba kufungwa siku moja si kufa.

Mwaka 1991 Cruzeiro walikwenda Buenos Aires kucheza fainali na River Plate, wakapigwa 2-0. Watu wakasema kwisha habari. Marudiano Mineirão, Ademir akafunga la kwanza, Mário Tilico akaongeza mawili, 3-0. Bingwa. Mwaka uliofuata wakakutana na Racing, walewale waliowalaza 1988. Safari hii Cruzeiro wakawapiga 4-0 mechi ya kwanza. Marudiano wakafungwa 1-0 na wakabeba kombe hivyohivyo.

Independiente mwaka 1995 nao hivyo. Walishinda 2-0 nyumbani dhidi ya Flamengo. Flamengo ilikuwa inatimiza miaka 100 mwaka ule, imemleta Romário aliyetoka kubeba Kombe la Dunia, ina Sávio, ina Edmundo. Marudiano Maracanã, uwanja umejaa, Romário akafunga. Lakini ikaishia 1-0. Waargentina walifungwa, wakanyanyua kombe kwenye sherehe ya mwenyeji. Lilikuwa la pili mfululizo, maana mwaka 1994 waliwafunga Boca ya kocha Menotti, bao la Rambert kwenye marudiano.

Mwaka 1993 ndo we acha tu. São Paulo ya kocha Telê Santana na Flamengo walitoka 2-2, wakarudiana 2-2, wakaenda kwenye matuta, São Paulo wakashinda. Lakini mfungaji bora wa mashindano hakuwa wa timu yoyote kati ya hizo. Alikuwa kijana wa Cruzeiro, miaka 17, mabao 8. Jina lake Ronaldo. Ndiyo, yuleyule mliyemwona baadaye 2002. Kombe la wazee ndilo lililomtoa mtoto.

Na kipa wangu wa kitanda cha dirishani kuna moja nilimsimulia usiku akakataa kulala. Mwaka 1996, fainali, Vélez Sarsfield ugenini kwa Cruzeiro. Penalti. Anayetoka kwenda kuipiga ni kipa wao, José Luis Chilavert wa Paraguay. Akaifunga, 1-0. Marudiano Vélez wakashinda 2-0. Babu akanyanyua kidole cha mkono ule wa kulia, mkono mgonjwa, akakitingisha kidogo. "Ki-pa?" "Ndiyo babu, kipa." "Ali-funga?" "Alifunga." Akanyamaza. Kisha akasema, "Mi-mi... siku-ru-husiwa." Kumbe alikuwa na deni na kocha wake la miaka 50!

Mnaouguza, hilo la mechi mbili lishikeni. Mgonjwa wa kiharusi ana siku anadaka soksi, na siku nyingine hawezi hata kugeuza shingo. Ndugu wanakuja siku ile mbaya, wanatoka nje wanalia, wanaanza kupiga simu kijijini. Mimi huwa nawaambia: leo tumefungwa 1-0 ugenini. Njooni kesho.

Huyu babu hakupona akawa kama zamani, nisiwadanganye. Aliondoka baada ya wiki kadhaa akitembea kwa fimbo, mkono wa kulia unashika kikombe kitupu lakini kikijaa unatetemeka. Vifungo vya shati hawezi. Lakini alitoka wodini kwa miguu yake, na mwanawe amembebea ule mpira wa soksi.

SEHEMU YA 5

Hapa ndipo ninapotaka msome polepole, maana hapa ndipo Supercopa inaponipa tabu.

Kombe la mabingwa wa zamani ni jambo zuri kama una ubingwa. Na ambaye hana?

Kwenye zile klabu 13 za mwanzo, nchi zilikuwa 4 tu. Baadaye Atlético Nacional ya Colombia ikabeba Libertadores mwaka 1989, Colo-Colo ya Chile mwaka 1991, milango ikafunguka kwao. Lakini Peru, Ecuador, Bolivia na Venezuela hazikuwahi kuwa na klabu hata moja mle, miaka yote 10.

Na kuna América ya mji wa Cali, Colombia. Hawa walifika fainali ya Libertadores mwaka 1985, wakafungwa kwa penalti na Argentinos Juniors. Wakarudi 1986, wakafungwa na River. Wakarudi 1987, mechi ya tatu na Peñarol kule Santiago, dakika za nyongeza zinakaribia kuisha kabisa, Diego Aguirre akawafunga. Miaka mitatu mfululizo. Wakarudi tena 1996, River tena. Fainali nne, kombe sifuri. Supercopa haikuwajua. Kwa karatasi, América ya Cali hawakuwahi kuwa kitu.

Wodini kwetu, baada ya yule babu, nilizoea kuuliza kila mzee: ulikuwa nani? Wengi wanafurahi. Mmoja ataanza na kiwanda, mwingine na jeshi, mwingine fainali ya Simba ya 1993 anakuhadithia kama alikuwa benchi. Mpaka siku nikamuuliza bibi mmoja wa kitanda cha karibu na choo.

Huyu hakuwa na ndugu wa kumletea chai. Aliletwa na majirani, wakaondoka. Nyonga ilivunjika. Nikamwamkia, nikavuta stuli, nikauliza swali langu. Akasema, "Mimi sikuwa chochote, mwanangu." Akageukia ukutani.

Lile jibu lilinikaa kifuani. Maana swali langu zuri, swali nililokuwa najivunia, lilikuwa na mlango, na yeye alijiona yuko nje ya mlango. Kombe la waliowahi kuwa mabingwa linamwambia asiyewahi kwamba akae pembeni.

Sikumuuliza tena. Nikawa nikienda kumgeuza ili asipate vidonda vya mgongo, naongea mambo mengine. Mvua, bei ya unga. Siku ya nne au ya tano mwanafunzi wetu wa uuguzi alikuwa anamsaidia kukaa, anamvuta mabegani, na bibi akamwambia kwa upole, "Hapana mjukuu wangu, mtu mwenye maumivu usimvute. Mshike kiunoni, msubiri apumue, ndipo anyanyuke na wewe." Tukatazamana. Hayo si maneno ya mtu asiyekuwa chochote. Nikamuuliza, "Bibi, hayo umeyajulia wapi?"

Alikuwa mkunga. Wa jadi, huko kijijini kwao, enzi ambazo zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku. Usiku anaamshwa, anawasha koroboi, anafuata mtu aliyekuja kumwita. Nikamuuliza amepokea watoto wangapi. Akasema hakuwahesabu, nani angemwambia ahesabu? Na wengine, akasema, hawakulia. Hao anawakumbuka mmoja mmoja.

Sasa mimi ni nesi, na hapa nasema bila kumung'unya: mama mjamzito aende kituo cha afya, asijifungulie nyumbani. Damu ikimwagika, koroboi haiongezi damu. Hilo halina mjadala. Lakini kusema hivyo leo hakufuti kwamba kuna miaka watu hawakuwa na kingine, na huyu mwanamke aliamka kila alipoitwa. Hana cheti. Hana picha. Hakuna daftari lililoandika jina lake.

Na hapo ndipo nikaikumbuka Vasco da Gama.

SEHEMU YA 6

Mwaka 1948, miaka 12 kabla Libertadores haijaanza, klabu ya Colo-Colo iliandaa mashindano Santiago, Chile. Wakaita mabingwa wa nchi mbalimbali za Amerika Kusini. River Plate walikuja na Alfredo Di Stéfano, kijana bado. Vasco da Gama ya Rio de Janeiro wakaondoka na kombe bila kufungwa mechi hata moja. Kisha? Kisha maisha yakaendelea. Libertadores ilipoanza 1960, hesabu ya mabingwa ikaanzia hapo. Lile la 1948 likabaki hadithi ya wazee wa Vasco.

Mpaka miaka ya 90, shirikisho la soka la Amerika Kusini, CONMEBOL, likayatambua yale mashindano ya 1948 kuwa ya mabingwa wa bara. Na mwaka 1997 Vasco wakaalikwa Supercopa. Miaka 49 baadaye! Wachezaji wengi wa 1948 walikuwa wazee kama si marehemu, lakini kadi ilikuja.

Hakuna aliyewaongezea bao. Mabao yalikuwa yameshafungwa tangu 1948. Kilichobadilika ni kwamba mtu alikwenda kuangalia, akaandika.

Nilichofanya kwa bibi ni kidogo sana, na si cha kupigiwa makofi. Kwenye makabidhiano ya zamu, pale tunaposema "kitanda namba fulani, miaka fulani, nyonga, anapata dawa hii na hii", nikaongeza sentensi moja: "alikuwa mkunga, amezoea kuamka usiku, msiwashangae mkimkuta macho saa nane". Kuna mwenzangu aliguna. Alisema sista, wagonjwa 40 na sisi wawili, hadithi za nini? Namwelewa kabisa. Zamu zetu mnazijua. Kuna usiku hata maji ya kunywa unayakumbuka saa kumi na moja alfajiri. Sitawadanganya kwamba sentensi moja inaponya mfupa.

Lakini usiku ule bibi alikuwa macho saa nane kama kawaida yake, na badala ya kuandikiwa "amechanganyikiwa, hatulii", yule mwanafunzi alimsogelea akamuuliza, "Bibi, enzi zako mama akichoka sana mlikuwa mnamwambia nini?" Sijui alijibiwa nini. Niliona tu stuli imevutwa.

Mkitaka kujua nani alibeba kombe la mwisho, ni River Plate ya Ramón Díaz, Desemba 1997. Sare 0-0 kwa São Paulo, kisha 2-1 Buenos Aires, mabao yote mawili ya Marcelo Salas wa Chile, na Enzo Francescoli akiwa kwenye kikosi miezi yake ya mwisho ya mpira. Mwaka uliofuata Supercopa haikuwepo tena. Yaliletwa mashindano mawili mapya, Copa Mercosur na Copa Merconorte, ya klabu zilizoalikwa, na mwaka 2002 ikaja Copa Sudamericana. Vasco wenyewe walibeba Libertadores mwaka 1998, wakitimiza miaka 100. Mlango waliopewa mwaka mmoja tu ukawa umeshafungwa, na sasa hawakuuhitaji. Na América ya Cali? Mwaka 1999 wakabeba Merconorte. Kombe la mabingwa lilipokufa, waliokuwa nje wakapata la kwao.

Racing je? Walikaa miaka 36 bila kombe la kimataifa. Novemba 2024, Asunción, Paraguay, fainali ya Copa Sudamericana, wakashinda 3-1. Unajua waliocheza nao? Cruzeiro. Kuna watu waliokuwa uwanjani 1988 wakiwa vijana, mwaka 2024 walikuja na wajukuu.

Basi nisiwachoshe. Kazi ya wiki hii ni hii. Kama una mzee nyumbani, keti naye bila simu mkononi. Usianze na "ulikuwa nani", nimeshawaambia shida yake. Mpe kazi ndogo mbele yako, akuelekeze kitu, kupika, kushona, kufunga mzigo, kudaka. Halafu muulize alijulia wapi. Akianza kusema, chukua kalamu uandike jina lake kamili, kijiji, na mwaka kama anaukumbuka. Siku akilazwa, mpe nesi ile karatasi pamoja na kadi ya kliniki na orodha ya dawa.

Na kama umeshaiandika, tuwekee hapo chini mstari mmoja tu, bila jina: alikuwa nani. Nitasoma zote nikitoka zamu.